UZI: Bastola ya risasi nane iliyomuua Robert Kennedy, na matundu yaliyozidi

#1 mzee_wa_faili (mleta uzi)

Wanajamvi, heshima kwenu.

Kila mada ya Kennedy ikiletwa humu watu wanakimbilia Dallas, 1963, alikouawa Rais John Kennedy, na ile risasi moja inayodaiwa kupita kwenye miili ya watu wawili. Leo nawapeleka kwa mdogo mtu, Robert, aliyepigwa Los Angeles saa sita na robo usiku, tarehe 5 Juni 1968. Kesi ya Dallas ina kelele nyingi, hii ina hesabu. Tena hesabu za kujumlisha tu, ambazo mtoto wa darasa la tatu anaziweza, na bado zimewashinda wakubwa kwa zaidi ya nusu karne.

Kwa wageni, tukio lenyewe ni hili. Robert Kennedy, seneta wa New York, umri miaka 42, alikuwa ametoka kushinda kura za mchujo za chama cha Demokrati jimboni California. Akahutubia wafuasi wake katika hoteli ya Ambassador, kisha badala ya kupasua umati akapitishwa nyuma, kwenye ujia wa stoo ya jikoni. Karl Uecker, msimamizi wa wahudumu, alikuwa amemshika mkono akimwongoza. Kennedy anasalimiana na wafanyakazi wa jikoni. Hapo akajitokeza kijana wa miaka 24, Sirhan Sirhan, Mpalestina mzaliwa wa Yerusalemu, na bastola ndogo aina ya Iver Johnson ya .22. Akaanza kufyatua.

Walimrukia. Uecker alimkandamiza juu ya meza ya chuma, wakaongezeka wengine, akiwemo Rafer Johnson, bingwa wa Olimpiki wa 1960, na Rosey Grier, pande la mtu lililokuwa likicheza mpira wa Kimarekani. Pamoja na kubanwa huko aliendelea kuvuta kifyatulio mpaka bastola ikaisha. Kennedy alikata roho tarehe 6 Juni. Watu wengine watano walijeruhiwa, wote wakapona.

Sasa shikeni namba moja tu: 8. Bastola ile inabeba risasi nane. Hakuna aliyemwona Sirhan akijaza tena, na kwa jinsi alivyolaliwa na wanaume wale asingeweza.

Naendelea chini. Naomba nifike kwenye dari kabla hamjaanza kunirushia mawe.

#2 nyangumi_mkavu

Nimevuta kiti. Tiririka mkuu.

#3 bibi_wa_upanga

Huyu Bobby alifika hapa Dar Juni 1966, akitokea Afrika Kusini, akaonana na Mwalimu. Endelea mwanangu, nasoma.

#4 mzee_wa_faili

Shikamoo bibi. Ni kweli, na safari ile ilimfikisha Kenya na Ethiopia pia.

Tuhesabu. Kennedy alikuwa na risasi tatu mwilini. Moja iliingia nyuma ya sikio la kulia, na hiyo ndiyo iliyomuua. Mbili ziliingia upande wa nyuma wa kwapa la kulia: moja ikakwama shingoni, nyingine ikatokea mbele kifuani. Ya nne ilitoboa bega la koti lake bila kugusa nyama. Halafu kuna majeruhi watano, na kila mmoja alitolewa risasi au vipande vyake mwilini. Paul Schrade, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari, alipigwa kwenye paji la uso. William Weisel, mtu wa televisheni, tumboni. Kijana Ira Goldstein, sehemu ya paja. Kijana mwingine mguuni, na mama mmoja kichwani.

Tatu za Kennedy, moja ya koti, tano za wengine. Tisa. Bastola inabeba nane.

Mtaalamu wa maabara ya polisi wa Los Angeles, DeWayne Wolfer, alikuwa na jibu. Alisema risasi iliyotoboa koti ndiyo hiyo hiyo iliyokwenda kumpiga Schrade. Basi nane zimetimia, na hakuna hata moja ya ziada. Ile iliyotokea kifuani kwa Kennedy ikapaa, ikapotelea juu ya dari. Dari ilikuwa na matundu matatu. La kwanza ni la hiyo iliyopotea. Mawili yaliyobaki akayafanya ya risasi moja: iliingia kwenye kigae cha dari, ikagonga zege la juu, ikarudi chini kwa tundu jingine na kumpiga yule mama. Risasi nyingine ikatoboa suruali ya Goldstein, ikadunda sakafuni, ikaingia mguuni kwa yule kijana mwingine.

Ukiisoma ripoti ile unamwona Wolfer anavyobana matumizi kama mama wa nyumbani tarehe 28 ya mwezi: kila risasi inafanya kazi mbili.

Siwezi kusema haiwezekani. Risasi ndogo ya .22 hudunda, na stoo ile ilikuwa nyembamba, imejaa watu. Lakini oneni hali ilivyo: saba zimetoka kwenye miili ya watu, moja imepotelea darini. Akiba ni sifuri. Ikipatikana risasi moja tu popote pengine, mlangoni, ukutani, sakafuni, basi kulikuwa na bastola ya pili. Hapo ndipo ugomvi wote unapokaa.

Schrade mwenyewe alikataa mgawo huo mpaka anaingia kaburini, Novemba 2022, akiwa na miaka 97. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Yeye alikuwa akitembea nyuma ya Kennedy. Risasi ya koti ilipita kutoka nyuma kwenda mbele, ikielekea juu. Vipi imrudie aliyekuwa nyuma?

#5 kobe_haraka

Mkuu mimi sipingi hesabu, ila watu stoo ile walikuwa zaidi ya 70. Sirhan kakamatwa na bastola mkononi. Daftari lake limejaa maandishi kwamba RFK, yaani Robert Kennedy, lazima afe. Mahakamani alikiri. Bado tunatafuta nini? Wazungu wana muda sana.

#6 mzee_wa_faili

@kobe_haraka Sirhan alifyatua, sijasema vinginevyo na sitasema. Mada ni risasi, na mahakama ya 1969 haikuzigusa. Mawakili wa Sirhan waliona kubisha kwamba hakuua ni kupoteza wakati, wakaamua kupigania akili yake: kwamba hakuwa na uwezo kamili wa kudhamiria. Kwa mkakati huo walikubali ushahidi wa risasi kama ulivyoletwa. Wolfer hakubanwa maswali ya maana. Aprili 1969 juri ikamtia hatiani, akahukumiwa kifo, na 1972 adhabu ikageuka kifungo cha maisha baada ya Mahakama Kuu ya California kufuta hukumu za kifo.

Kwa hiyo hata huko kukiri unakokusema kulikuwa sehemu ya mkakati wa kuokoa shingo. Baadaye Sirhan alishikilia kwamba hakumbuki alivyofyatua. Hilo mimi siliwekei uzito kwa upande wowote.

Sasa milango.

Mwisho wa stoo kulikuwa na milango ya kupishana, yenye mwimo katikati. Asubuhi ya tukio shirika la habari la AP lilisambaza picha ya askari wawili wakichungulia tundu kwenye fremu ya mlango, na maelezo ya chini yakasema ni risasi iliyopatikana karibu na eneo. FBI nao walipiga picha zao, na kwenye maelezo ya matundu ya miimo ile wakaandika kwamba ni matundu ya risasi. Miaka baadaye William Bailey, aliyekuwa ofisa wa FBI na alifika hapo saa chache baada ya tukio, alisema aliona kwa macho yake risasi zimezama kwenye mwimo wa katikati.

Polisi waling'oa miimo ile na vigae vya dari, wakaondoka navyo. Juni 1969, miezi miwili baada ya hukumu, rufaa hata haijasikilizwa, wakaviteketeza. Jambo hili lilikuja kujulikana miaka ya katikati ya 1970, watu walipoanza kuviulizia. Maelezo yakawa kwamba vilikuwa vikubwa mno kuhifadhi, na havikutumika kama vielelezo mahakamani.

Yaani mbao. Mbao nne tano na vigae vya dari, kwenye kesi ya mauaji ya mtu aliyekuwa akielekea kugombea urais wa Marekani, vikakosa kona ya stoo.

#7 nyangumi_mkavu

Hapo kwenye mbao nimecheka kwa hasira.

#8 fundi_seremala_moro

Mimi kazi yangu ni milango, naomba nitie neno. Mlango wa jikoni la hoteli unagongwa na matoroli kutwa. Mwimo wake unakuwa na mashimo ya misumari, ya bawaba za zamani, ya kugongwa. Askari asiyejua mbao akiona tundu usiku, baada ya mtu kupigwa risasi, ataita tundu la risasi. FBI akaandika hivyo hivyo kwa kufuata alichoambiwa. Mnajenga ghorofa juu ya maelezo ya chini ya picha.

#9 mzee_wa_faili

@fundi_seremala_moro fundi, nimekuwa nasubiri mtu wa kusema hivyo. Hiyo ndiyo hoja ya upande wa pili na ni nzito. Waliotetea nane walisema hivyo hivyo, alama za matoroli na misumari, na kwamba aliyeandika maelezo ya picha hakuwa mtaalamu wa silaha.

Ila jiulize, wewe kama fundi, ungemthibitishiaje mtu kwamba tundu hili ni la msumari? Ungeuchana mwimo. Unapasua mbao, unafuata njia ya tundu, unatazama mwisho wake kuna nini. Kazi ya nusu saa. Walioziteketeza mbao waliwanyima wanaoamini bastola mbili, na wakajinyima wao pia. Leo polisi hawawezi kuthibitisha kwamba Bailey aliona vibaya, na Bailey hawezi kuthibitisha kwamba aliona sawa.

#10 mwana_kisumu

Naomba niingilie kutoka huku Kenya. Sisi tuna waziri wetu Tom Mboya, aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, Jumamosi mchana, akitoka duka la dawa Government Road. Mwaka mmoja na mwezi mmoja baada ya huyu Bobby. Na wawili hao walikuwa wamoja, maana ni wakfu wa familia ya Kennedy uliotoa dola 100,000 mwaka 1960 kusaidia kuwasafirisha wanafunzi wetu kwenda Marekani. Njenga, aliyetiwa hatiani kwa kumpiga risasi Mboya, alinyongwa mwaka huo huo na maswali yakabaki. Ndugu, mauaji ya namna hii yote ni mamoja, hamtapata jibu.

#11 mzee_wa_faili

@mwana_kisumu pole zetu na asante, kiungo hicho ni cha kweli. Ila hayako mamoja. Kwa Mboya watu waliuliza nani alimtuma Njenga, na swali lake mwenyewe kwamba kwa nini hawamfuati yule mkubwa ndilo lililobaki midomoni. Huku Los Angeles swali linaanzia chini zaidi: bastola zilikuwa ngapi. Fungua uzi wa Mboya, nitakuja.

#12 daktari_mstaafu

Naomba niongeze upande wa maiti, kwa sababu nadhani mleta uzi anauchelewesha.

Uchunguzi ulifanywa na Thomas Noguchi, mkuu wa uchunguzi wa vifo wa Los Angeles, na ni kati ya uchunguzi bora wa enzi zile. Alikuwa amejifunza kutokana na kesi ya Dallas, ambapo maiti ya kaka mtu ilipelekwa hospitali ya jeshi la majini huko Bethesda, Maryland, na kufanyiwa kazi ya haraka. Noguchi alikuta masizi na chembe za baruti kwenye sikio na nywele. Akafanya majaribio kwa kufyatulia masikio ya nguruwe kwa umbali mbalimbali, akilinganisha mtawanyiko wa baruti. Jibu: mdomo wa bastola ulikuwa kama inchi moja kutoka ukingo wa sikio. Na risasi zote zilizomgusa Kennedy, hata ya koti, zilitoka nyuma kuelekea mbele, kulia kwenda kushoto, zikipanda juu.

Mashahidi sasa. Uecker alisema mdomo wa bastola ya Sirhan ulikuwa futi moja na nusu au mbili kutoka kwa Kennedy, na Sirhan alikuwa mbele. Wengine walitaja umbali mkubwa zaidi. Hakuna hata mmoja aliyeona bastola ya Sirhan ikiwa imegusana na kisogo.

Noguchi mwenyewe hajawahi kusema kwamba Sirhan ndiye aliyemuua Kennedy. Kitabibu mimi hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko mbao.

#13 kobe_haraka

Dokta kwa heshima zote, mtu ana sekunde mbili tatu za kutazama, giza la taharuki, taa za kamera machoni, utamwamini kwa inchi na futi? Kennedy anageuka kumpa mtu mkono, umati unamsukuma mbele, kisogo kinakuja kwenye mdomo wa bastola. Basi. Na huyo muuaji wa pili amsogelee mpaka inchi moja, apige mara nne, zaidi ya watu 70 wapo, asionekane na yeyote?

#14 daktari_mstaafu

Swali lako la mwisho ni zuri na sina jibu lake zuri. Kulikuwa na mlinzi wa kukodi aliyekuwa nyuma ya Kennedy upande wa kulia, na alikiri kwamba alichomoa bastola yake. Hakuwahi kushtakiwa, alikana maisha yake yote, sasa ni marehemu. Simtaji jina kwa sababu hakuna ushahidi kwamba alifyatua.

#15 mzee_wa_faili

Dokta umenifanyia kazi, ahsante. Nikija kwenye risasi zenyewe sasa, na hapa ndipo mambo yanachafuka kweli.

Kila mtutu unaacha mikwaruzo yake kwenye risasi. Unafyatua risasi za majaribio kwenye tangi la maji, unaziweka chini ya hadubini kando ya ile iliyotolewa mwilini, unalinganisha mistari. Wolfer alisema zililingana na bastola ya Sirhan, na si nyingine yoyote duniani.

Lakini bahasha ya risasi za majaribio iliyopokelewa mahakamani kama kielelezo iliandikwa namba H18602. Bastola ya Sirhan ni H53725. Hiyo nyingine ilikuwa bastola ya aina ile ile, polisi waliichukua kwa majaribio mengine kwa sababu ya Sirhan ilikuwa tayari mikononi mwa mahakama. Wolfer akasema ni kosa la kuandika. Pengine. Lakini bastola hiyo ya H18602 nayo iliteketezwa na polisi, na mtu hawezi tena kufyatua risasi mbili kwenye maji na kumaliza ubishi.

Desemba 1970 William Harper, mtaalamu wa silaha wa Pasadena, akaapa kiapo. Alikuwa amepiga picha maalumu za risasi ya shingoni kwa Kennedy na ile ya tumboni kwa Weisel, akasema mwelekeo wa mistari haufanani, na kwa maoni yake zilitoka kwenye bastola mbili.

Ndipo 1975 mahakama ikaunda jopo la wataalamu saba. Wakaifyatua upya bastola ya Sirhan, wakachungulia kila kitu. Hawakuweza kusema kwamba risasi za majeruhi zilitoka kwenye bastola ile na si nyingine. Pia hawakuona chochote kinachoonyesha bastola ya pili. Tofauti aliyoiona Harper wao hawakuiona.

Kila upande ulitoka mahakamani ukishangilia. Wa bastola mbili wakasema, mmeona, Wolfer aliapa kwa uhakika usiokuwepo. Wa bastola moja wakasema, mmeona, Harper kaanguka. Kwa mtazamo wangu wote wawili walisoma sawasawa.

Na ile risasi iliyoua haikusaidia chochote. Ilivunjika vipande kichwani, hakuna mistari ya kulinganisha.

#16 nyangumi_mkavu

Vipi ule mkanda wa sauti? Kuna jamaa YouTube anasema milio 13.

#17 mzee_wa_faili

Huo niliuacha makusudi, ila haya. Mwandishi Stanislaw Pruszynski, Mpolandi, alikuwa na kinasa sauti na hakujua kwamba bado kinazunguka. Mkanda ulikaa kwenye nyaraka mpaka 2004 ulipogunduliwa umuhimu wake. Mhandisi Philip Van Praag akasema anasikia milio isiyopungua 13, mingine imekaribiana mno kwa kidole cha mtu mmoja. Wataalamu wengine wa sauti waliupima mkanda huo huo wakapata nane, hawakuvuka hapo. Jikoni, vyombo vya chuma, watu wanapiga mayowe, kipaza sauti kiko mbali na stoo. Mimi sijengi nyumba hapo.

#18 bibi_wa_upanga

Mwanangu umeandika mengi, sasa wewe unasimama wapi? Bastola moja au mbili?

#19 mzee_wa_faili

Bibi, nikilazimishwa kupiga kura nitasema moja, kwa hoja ya kobe_haraka: mtu wa kupiga mara nne kwa ukaribu ule angeonekana. Lakini namba nane siiamini. Nane haikutokana na kuhesabu matundu. Ilianza kwenye bastola, halafu matundu yakapangwa yatoshe. Polisi wangeweza kuwa na jibu sahihi na bado wakalipata kwa njia ya kihuni, na njia ile ndiyo iliyozaa wanaoamini bastola mbili, akiwemo mtoto wa marehemu mwenyewe, Robert mdogo, ambaye alikwenda gerezani kumwona Sirhan akatoka akisema hakumuua baba yake. Ndugu zake wengi hawamwungi mkono. Agosti 2021 bodi ya parole ilipopendekeza Sirhan aachiwe familia iligawanyika hadharani, na Januari 2022 gavana wa California, Newsom, akakataa.

#20 fundi_seremala_moro

Sasa hizo faili za mauaji haya ambazo serikali ya Marekani ilizimwaga Aprili 2025, kurasa elfu kumi, hazina mbao zetu?

#21 mzee_wa_faili

Fundi, karatasi haiwezi kurudisha mwimo. Hoteli yenyewe walishaibomoa, pale leo ni shule zenye jina la Kennedy.

Kilichobaki kinachoshikika kiko kwenye hifadhi ya nyaraka ya jimbo la California, Sacramento: bastola H53725, risasi ya shingoni kwa Kennedy, ya Goldstein, ya Weisel. Hizo tatu hazikuvunjika vibaya. Jopo la 1975 lilitumia hadubini za enzi zake, na mtutu ulikuwa na utando wa madini ya risasi uliowasumbua. Leo kuna mashine zinazopima kina cha kila mkwaruzo na kuuchora pande zote. Zilinganishwe hizo tatu zenyewe kwa zenyewe kwanza, bastola iachwe kando. Ya Kennedy ikifanana na ya Weisel, Harper anafungwa mdomo kabisa, kwa sababu Weisel hakuna anayebisha kwamba alipigwa na Sirhan.

#22 daktari_mstaafu

Itamfunga mdomo kwa risasi ya shingoni tu. Ya sikioni bado.

#23 mzee_wa_faili

Kweli dokta. Ya sikioni bado.